Mvua Ikiaga Bujumbura: Namna ya Kuisoma Wiki ya Mwisho ya Mei

Redio ikitangaza kwamba Bujumbura kesho itakuwa na nyuzi 29, ujue umeambiwa habari ya saa nane mchana, tena bondeni, karibu na ziwa. Wewe huenda saa kumi na moja alfajiri utakuwa juu ya pikipiki ukishuka kutoka Isare, au usiku utalala kwa shemeji Bugarama, au utakuwa majini na taa za kuvulia ndagala. Katika hali zote tatu hutakutana na hizo nyuzi 29.

Wiki hii ya mwisho ya Mei, mvua za Impeshi zinapokatika na Ici, msimu wa kiangazi, inapoingia, joto la mchana mjini halibadiliki sana. Linaweza hata kupanda kidogo kwa sababu wingu limepungua. Kinachobadilika ni usiku, upepo, vumbi na ziwa. Basi kila utabiri utakaousikia uuulize maswali mawili: ni wa saa ngapi, na ni wa mwinuko gani? Ukipata majibu hayo, mengine yote utayapanga mwenyewe.

Sababu ya mabadiliko haya iko mbali na sisi. Ukanda wa mvua unaolifuata jua umekwisha kupanda kaskazini, kuelekea Sudani Kusini na Ethiopia. Nyuma yake unaingia upepo wa kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani kuanzia Kilwa hadi Lamu wanauita kusi. Unasukumwa na kanieneo kubwa la hewa linalojijenga Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, na linalopata nguvu kadiri Juni inavyokaribia. Pwani unafika ukiwa na unyevu wa bahari. Kwetu unafika ukiwa umekwisha kuivuka Tanzania nzima, na unyevu mwingi umeuacha njiani. Ndiyo maana katika majuma hayo hayo Nairobi hushinda chini ya wingu la kijivu watu wakivaa makoti mchana kutwa, na sisi tunapata anga tupu. Usiku wingu ni blanketi la ardhi; likiondolewa, joto lote la mchana hupaa juu, na kufikia alfajiri kibaridi kimeshika.

Wenye jamaa au biashara Tanzania wasikilize pia Mamlaka ya Hali ya Hewa ya huko, TMA, ambayo hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Mkazo wake kwa kawaida ni nyanda za juu kusini-magharibi: Njombe, Makete, Mbeya, mahali ambapo jani la chai au la viazi huweza kuamka na barafu. Dereva anayeleta mzigo kutoka Dar es Salaam kupitia Kobero hafiki Makete, lakini akilala garini Dodoma au Singida ataujua ule upepo kwa jina.

Hapa nchini mwenye kazi ya kutabiri ni IGEBU, taasisi yenye makao yake Gitega, na matangazo yake husomwa na redio ya taifa, RTNB. Yasikilize hadi mwisho. Wengi wetu tunasikia mji wetu, kisha tunaondoka, na sehemu yenye faida ni ile inayofuata, inapozungumziwa Imbo (tambarare ya ziwani), Mumirwa (miteremko), Mugamba (milima) na nyanda za kati moja moja. Nchi hii ni ndogo kwenye ramani, ila kutoka ufukwe wa Tanganyika, mita 775 hivi juu ya bahari, hadi kilele cha Heha, karibu mita 2,700, ni mwendo wa kilomita chache tu kwa ndege. Utabiri mmoja wa nchi nzima ni kama hakuna utabiri.

Programu za simu zina kasoro hiyo hiyo, na zinaificha kwa picha nzuri ya jua na kijiwingu. Zinategemea mifumo inayoikokotoa dunia kwa vipande, kila kipande na upana wa kilomita 9, 13, au hata 25. Chukua kipande kimoja cha namna hiyo, ukilaze kuanzia bandarini hadi juu ya Isare: ndani yake umeweka maji, mji, mteremko na mlima, ukavipa vyote nyuzi zile zile. Kwa tambarare ya Dodoma hesabu hiyo inaweza kukubalika. Kwa Bujumbura, iamini zaidi inapokwambia mwelekeo (upepo unaongezeka, unyevu unapungua) kuliko inapokupa tarakimu.

Kisha kuna ramani za WhatsApp. Kila Mei, ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD kilichoko Nairobi, hutoa mwelekeo wa Juni hadi Septemba kwa nchi kumi na moja, na Burundi imo. Ramani hizo husambazwa zikiwa zimekatwa vichwa, na mtu akiona kijani kingi anapiga kelele kwamba mafuriko yanarudi. Tazama kijani kiko wapi. Miezi hiyo mvua ni ya Ethiopia, Sudani, Sudani Kusini, Uganda na magharibi ya Kenya. Sisi tuko ukavuni. Tazama pia maana ya asilimia. Wataalamu hugawa uwezekano katika mafungu matatu: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Kama hawangejua lolote, kila fungu lingepata 33. Wakiandika asilimia 45 kwamba joto litazidi wastani, wameegemea upande mmoja kidogo, hawajaapa. Na wastani wa miezi minne hauna habari na usiku wako wa Alhamisi. Msimu mzima unaweza kuwa wa joto kuliko kawaida, na ndani yake ukapata alfajiri tano za kutetemeka.

Saa za mjini

Katikati ya Juni na Julai, alfajiri ya Bujumbura hushuka hadi nyuzi 17 au 18. Mtu wa Ijenda, kule mlimani, akisikia hivyo atacheka, na ana haki. Lakini mwili uliozoea usiku wa Machi wenye jasho na unyevu unauhisi ule upungufu, hasa ukiwa unakwenda kwa kasi juu ya pikipiki. Baridi kali zaidi haiji usiku wa manane. Inakuja dakika chache kabla ya jua kuchomoza, kwenye saa kumi na mbili. Hewa iliyopoa milimani ni nzito, nayo hushuka usiku kucha kwa kufuata mabonde ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha kuelekea ziwani. Mitaa ya juu, Kiriri na Mutanga, huionja kwanza. Watoto wa shule wanaotoka saa kumi na mbili wavae sweta, na wapewe mfuko wa kuiweka, maana saa nne itakuwa mzigo na saa sita itakuwa imepotea.

Kuanzia kama saa tano, upepo hugeuka. Ardhi ikipata moto, hewa ya ziwa huingia mjini, na ikikutana na ile kusi ya mbali, alasiri nzima huwa ya upepo. Fua nguo asubuhi. Ukianika saa tatu, saa saba zimekauka. Ukianika saa nane, utavuna vumbi. Mitaa isiyo na lami, Kinama, Kamenge, Buterere, sehemu za Kanyosha, ndiyo inayoumia. Tope la Aprili lote lile halikwenda popote: limekauka, gari limelisaga, sasa linapaa. Kumwagia maji mbele ya duka ni adabu, lakini mwaga kidogo mara nyingi. Ndoo nzima ya mara moja huishia mtaroni.

Mwenye pumu, au mwenye mtoto wa pumu, ahakikishe dawa ipo wiki hii, asingoje Julai. Vumbi ni mwanzo tu, moshi unafuata. Nyasi zinakauka na moto wa mashamba na vichaka unaanza, Kongo, Zambia, Angola, na kwenye vilima vyetu wenyewe. Kipimo unacho bure: milima ya ng'ambo. Baada ya mvua ya Aprili, ukisimama ufukweni asubuhi unaiona Uvira wazi, mabati yaking'aa. Siku milima ile inapofifia ukaona mstari tu, hewa unayovuta ina moshi na vumbi la kutosha. Ikipotea kabisa, mazoezi ya kukimbia yaahirishe.

Na kwa kuwa Ici ni msimu wa harusi, neno kwa wenye kukodi mahema. Anayekodisha atakwambia vigingi vinne vinatosha. Kwa sherehe ya asubuhi ni kweli. Kwa sherehe ya saa tisa karibu na ziwa, elekeza mgongo wa hema kusini, funga kila nguzo, na usiruhusu turubai la pembeni liachwe nusu wazi, kwani ndilo linaloshika upepo na kuinua hema zima. Wageni wazee wakae upande huo uliofungwa; jua likizama, saa kumi na mbili jioni, nusu saa tu baadaye utawaona wanatafuta vitenge vya kujifunika.

Unapopanda

Hesabu ya kichwani ni hii: kwa kila mita 100 unazopanda, toa kama nyuzi 0.6. Kutoka Bujumbura hadi Bugarama, kwa barabara ya RN1, ni chini ya kilomita 40, lakini unapanda zaidi ya mita 1,400. Hapo umetoa nyuzi 8 au 9. Kama umeondoka mjini na 18, unafika kwenye 9 au 10, na pengine ukungu umefunga barabara, huoni hata gari lililo mbele yako. Gitega iko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo inakupunguzia nyuzi 4 au 5. Ijenda na Mugamba yote ya juu, hesabu kama Bugarama.

Koti linunuliwe mjini kabla ya safari. Kwenye soko la Kwa Siyoni kuna marundo ya mitumba ya Ulaya ambayo mtu wa Imbo huyapita mwaka mzima akijiuliza nani atavaa vitu vile. Chagua linalozuia upepo kuliko lile nene la sufu. Kwenye pikipiki sufu peke yake ni wavu. Ukishikwa bila koti, gazeti chini ya shati, kifuani, linasaidia zaidi ya unavyodhani. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni amfunike miguu na masikio, maana mama anatembea na kupata joto, mtoto ametulia.

Ukungu wa Bugarama ni wa asubuhi na wa jioni. Ukiweza, panda kati ya saa tatu na saa tisa. Kumbuka pia vijana wa baiskeli wanaoteremka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa. Wao hawana taa, na breki zao unazijua. Dereva awashe taa za chini. Zile kali hurudishwa na ukungu machoni mwake mwenyewe.

Hapa kuna jambo moja ambalo sitalipitia haraka. Ukilala mlimani, mwenyeji mwema atakuletea mbabula yenye makaa chumbani. Shukuru, ota moto, kisha itoe nje kabla ya kulala. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokaa katika damu mahali pa hewa safi. Mtu haoni moshi, haamki kukohoa. Anaumwa kichwa, analegea, analala moja kwa moja. Makaa yaliyokolea rangi nyekundu bila moshi, ambayo wengi wanayaona ndiyo salama, ndiyo yanayoua. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutosha. Omba blanketi la pili. Hakuna mwenyeji atakayeona ni matusi.

Mvua ya mwisho

Usiweke mwavuli kabatini. Mei bado ina mvua yake mjini, na hata siku kadhaa kavu zikifuatana, alasiri moja yaweza kuleta radi na dhoruba fupi. Juni ndipo mvua hukatika kweli, Julai ikawa kama hakuna. Dhoruba hii ya kuagia ni hatari kuliko inavyoonekana, kwa sababu inaikuta ardhi ya Mumirwa imeshiba maji ya miezi mitatu. Mteremko unahitaji kidogo tu ili uporomoke.

Wanaokaa kando ya Ntahangwa, hasa Mugoboka ambako mto umekuwa ukila kingo pamoja na nyumba, wasitazame anga iliyo juu yao. Watazame mlimani. Mvua iliyonyesha Isare inafika mjini kwa mto, na mjini huenda jua linawaka. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, maji na matope kutoka vilimani yaliingia mitaa ya kaskazini ya jiji na watu zaidi ya 60 walikufa. Wengi walikuwa wamelala. Mto ukigeuka rangi ghafla, ukaleta matawi na sauti ya mawe, ondoka ukingoni kwanza, uulize baadaye.

Ziwa, nalo, halijui kwamba mvua imekwisha. Maji ya mito yote bado yanaingia, na Tanganyika hufikia kimo chake cha juu Aprili au Mei, kisha hushuka polepole hadi Oktoba au Novemba. Njia ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga kule Kalemie, na maji mengi zaidi hayapiti huko: yanapaa kwa mvuke. Kwa hiyo aliyefurikiwa Gatumba au Kibenga asitarajie Juni kumrudishia uwanja wake. Mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño, ziwa lilipanda hadi karibu mita 777 juu ya bahari, likaingia barabarani na majumbani, na likachukua miezi mingi kuondoka. Upepo wa Ici utalikausha, ila kabla ya hapo utalisukumia kwako. Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, na kusi inalipuliza kwa urefu wake, kutoka Mpulungu kuja huku. Wimbi lina nafasi ya kukua. Ukuta wa bustani uliosimama wima Aprili katika maji tulivu unaweza kuanguka Juni maji yakiwa yameshuka.

Wenye mitumbwi wavuke asubuhi. Wenye apolo, vyombo vya kuvulia ndagala usiku, wanajua hesabu zao za mwezi na giza, wala sina la kuwafundisha. Abiria ndiye anayehitaji neno: ukiambiwa safari imesogezwa kutoka saa nane hadi kesho alfajiri kwa sababu ya upepo, usibishane, umepata nahodha mzuri. Na wanaopenda kutembea ufukweni jioni wakati huu wa kibaridi kitamu wakumbuke viboko. Maji yakiwa juu, malisho yao yako karibu na njia za watu, nao hutoka giza linapoanza. Kiboko akiwa kati yako na maji, hilo ni tatizo dogo. Wewe ukiwa kati yake na maji, hilo ndilo kubwa.

Upande wa faida, hakuna wiki bora ya kukausha ndagala kuliko hizi zinazokuja. Jua lipo, unyevu umeshuka. Tumia vichanja vya waya kama wanavyofanya wengi Rumonge na Nyanza-Lac, si mchanga, maana upepo wa alasiri unaotaka ukusaidie ndio utakaokujazia mchanga. Anua kabla ya jua kuzama. Umande wa usiku usio na mawingu hurudisha maji yote uliyoyatoa mchana.

Umande huo huo ndio adui wa maharage ya Impeshi yanayovunwa sasa. Anika juu ya turubai kuanzia saa tatu, kusanya saa kumi. Kabla ya kutia guniani, ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio, iko tayari, jino likizama, ongeza siku mbili. Wanaolima bondeni kwa msimu wa Ici wajue kwamba hewa baridi hutiririka na kutulia chini, hivyo bonde la Mugamba alfajiri ni baridi kuliko kilima kilicho juu yake. Mbegu itachelewa kuota. Usiifukue kuangalia.

Chandarua kibaki kitandani. Watu hukifungua wakisema mbu wameondoka na baridi, ilhali madimbwi ya mvua bado yapo na malaria huendelea kushika majuma mengi baada ya mvua kukoma. Maji nayo yawekwe akiba mapema. Ici ikikolea, presha ya bomba hupungua katika mitaa mingi, watu wakachota ziwani na mitoni, na kipindupindu hupitia hapo. Jaza pipa lenye mfuniko wiki hii, lioshwe kwanza, na maji ya kunywa yachemshwe hata kama yametoka bomba la Regideso. Umeme utafuata njia hiyo hiyo: bwawa la Rwegura, lenye megawati 18, hula akiba ya mvua zilizopita hadi Septemba, kwa hiyo taa ya sola uliyoiweka kando tangu mwaka jana itoe leo juani uone kama betri bado inashika.